Tulipofunguliwa Ndipo Nilipoumia: Mkahawa Mdogo wa Bamburi Wakati wa Korona

Watu wakikumbuka korona hapa Mombasa husimulia tulivyofungiwa: vitoa machozi pale Likoni, vizuizi vya polisi, ufuo mtupu mchana kweupe. Ni kweli yote. Lakini mimi nilikuwa na mkahawa mdogo Bamburi, si mbali na ufuo wa Pirates, na nikipiga hesabu zangu naona pesa nyingi hazikupotea tulipofungiwa. Zilipotea kila tulipoambiwa tumefunguliwa.

Nayaandika haya kwa mwenye kibanda cha viazi karai, mwenye vyumba vya kukodisha, mwenye mashua ya kutembeza wageni. Pwani hii si mara yake ya kwanza kufungwa. Baada ya ghasia za uchaguzi mwaka 2008 wageni walitoweka, na mwaka 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake kuhusu usalama wa Mombasa, watalii walirudishwa kwao hata likizo zao hazijaisha. Korona haitakuwa ya mwisho.

Biashara yangu ilikuwa na nyuso mbili. Mchana walikula madereva wa tuktuk, walinzi, vijana wa ufuoni na wafanyakazi wa hoteli kubwa waliokimbia chakula cha kantini yao. Hao walilipa umeme na makaa. Faida ilikuwa jioni, familia kutoka bara zilizokodi nyumba za wiki moja zikija kula samaki wa kupaka na wali wa nazi. Mwenye kuujua ufuo wetu anajua kwamba watu hutoka majini magharibi ikiingia, huoga, huvisha watoto, na njaa huwashika kwenye saa moja unusu. Mkumbuke saa hiyo, maana ndiyo iliyonitesa.

Kisa cha kwanza cha Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa tarehe 25, na kafyu ikaanza tarehe 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ijumaa hiyo ya kwanza dada aliyekuwa akinioshea vyombo nilimruhusu mapema, saa tisa, nikidhani atafika kwake Likoni jua lingali juu. Kivukoni palikuwa na umati, polisi wakarusha vitoa machozi na kupiga watu virungu. Alinipigia simu usiku, kiatu kimoja kimebaki ng'ambo ile. Rais aliomba radhi hadharani siku chache baadaye, lakini dada yule hakutaka tena kupanda feri kwa ajili ya sufuria zangu, na sikumlaumu.

Tarehe 8 Aprili ikaja marufuku ya kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Hapo ndipo nilipojua kwamba daraja la Mtwapa ni mpaka wa Mombasa na Kilifi. Miaka yote hiyo mpishi wangu alikuwa akitoka Mtwapa kwa matatu, hata hatukufikiria kwamba anavuka kaunti. Asubuhi ya pili akapiga simu: "Mama, nimerudishwa darajani." Nikamwambia ajaribu tena jioni. Akanijibu kwa upole, "Mama, hawa hawana mchezo." Mkono wa samaki wa kupaka ulikuwa wake. Mimi ni mtu wa hesabu na viungo, lakini kujua lini umgeuze samaki aina ya changu juu ya makaa ili tui lishike bila kuungua, huo ulikuwa ujuzi wake. Nikabaki na kijana mmoja wa kuhudumu wa hapohapo Mtopanga, tukajifunza kwa kuunguza.

Kwa hiyo kama una wafanyakazi, andika kila mmoja analala wapi, na kati ya kwake na kwako kuna nini: daraja, kivuko, mpaka wa kaunti. Kisha hakikisha chakula kinachouza zaidi kinajulikana na mtu anayeweza kuja kwa miguu.

Mwishoni mwa Aprili serikali iliruhusu mikahawa kupokea wateja kwa masharti: wafanyakazi wapimwe virusi, meza zitengane, joto lipimwe mlangoni, kusiwe na kujipakulia. Nilipouliza gharama ya kupima watu katika hospitali za kibinafsi nikaacha. Nikauza cha kubeba tu, na kusema kweli huo ndio uamuzi ulionifaa kuliko yote ya mwaka ule.

Ramadhani ilikuwa imeingia. Mwaka wa kawaida, Mombasa huamka baada ya magharibi. Watu wakishafuturu hutoka, wakaswali tarawehe, wakala mishikaki hadi usiku wa manane. Mwaka huo misikiti ilikuwa imefungwa, na kutoka adhana ya magharibi hadi kafyu ilikuwa kama nusu saa tu. Tukaanza kufunga pakiti za futari saa nane mchana: kaimati, sambusa, viazi vya nazi, tambi, na uji wa pilipili manga kwenye chupa za maji zilizochemshiwa vifuniko. Kufikia saa kumi na moja jioni foleni ilikuwa imekwisha. Kila mtu alipanga foleni barakoa usoni, kwenye alama ya chokaa niliyochora chini. Pakiti ilikuwa shilingi 200. Wengi walilipa kwa M-Pesa kwa sababu miezi ile kutuma chini ya shilingi 1,000 kulikuwa bure. Faida ilikuwa ndogo lakini haikutupwa chakula, na kodi nililipa nusu kwa makubaliano na mwenye nyumba. Nilikuwa maskini mwenye usingizi.

Neno moja kuhusu mkopo. Benki Kuu iliruhusu wakopaji waliokwama kuzungumza na benki zao waongezewe muda, nami nilikuwa na deni la friza na upanuzi wa jiko. Nikaahirishiwa miezi. Ninachotaka ujue ni kwamba riba haikulala. Niliposomewa salio jipya nilimwomba yule mama wa benki alirudie polepole. Ukipewa nafasi kama hiyo, lipa angalau riba kila mwezi hata kama hawakudai, na uombe jedwali jipya la malipo kwenye karatasi kabla ya kutia sahihi.

Mwezi Juni mambo yakawa ya kuchekesha. Kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku, Kilifi na Kwale zikafunguliwa, Mombasa ikabaki imefungwa. Mpishi wangu sasa angeweza kwenda Malindi akitaka, lakini si Bamburi.

Kisha tarehe 6 Julai, tangazo. Barabara kufunguliwa kesho yake alfajiri, treni ya abiria kurudi wiki inayofuata, ndege za ndani tarehe 15 Julai, za kimataifa tarehe 1 Agosti. Mtaani watu walipiga vigelegele. Mimi nilipiga simu. Nikawarudisha wafanyakazi wote, nikanunua kipima joto cha mlangoni kwa shilingi 6,500, nikapaka rangi, nikajaza friza kwa samaki na ngisi wa shilingi 46,000. Kila mwenye mkahawa niliyemjua alifanya vivyo hivyo wiki ileile, ndiyo maana bei ya samaki ilipaa.

Wa kwanza kuingia mlangoni hakuwa mteja. Alikuwa mwenye nyumba. "Mwanangu, Rais keshafungua," akaniambia, na kabla sijamkaribisha chai akataja kodi kamili ya Julai, 35,000, pamoja na nusu zilizobaki za miezi iliyopita. Baada yake akaja karani wa kaunti kuulizia leseni. Aliyeniuzia gesi kwa mkopo akakumbuka. Tangazo la kufunguliwa huwafikia wadai kabla ya wateja, na hakuna aliyeniambia hivyo. Wakati wa kufungwa kila mtu alikuwa na huruma kwa sababu kila mtu alikuwa amefungwa. Siku huruma inapokwisha ina tarehe, na tarehe hiyo hutangazwa kwenye runinga.

Wateja walikuja, sisemi hawakuja. Treni zilileta watu, magari ya Nairobi yakaonekana Nyali. Lakini hoteli kubwa, zilizokosa Wazungu, zilikuwa zimeshusha bei kwa Wakenya pamoja na chakula ndani, kwa hiyo aliyeweza kulipa hakuwa na haja ya kutoka getini. Waliokodi nyumba walikuja na unga, mchele na mitungi ya gesi kwenye buti. Na saa zikanikaba. Mikahawa ilitakiwa kufunga saa mbili usiku, kisha tarehe 27 Julai ikarudishwa saa moja kwa siku thelathini. Saa moja! Saa hiyo mteja wangu ndiyo kwanza anajisuuza chumvi.

Na hiyo ya kufunga siyo saa yenyewe. Mpishi anarudi Mtwapa kwa matatu ya abiria wanane badala ya kumi na wanne, nauli imepanda maradufu, na ikijaa anangoja nyingine. Ili afike kwake kabla ya kafyu jiko lazima lizimwe mapema zaidi. Kwa hiyo kama kafyu ni saa tatu, wewe anza na mlango wa nyumba ya mfanyakazi anayeishi mbali kuliko wote, rudi nyuma hadi kituoni, rudi nyuma hadi sinki la vyombo, kisha hadi oda ya mwisho. Mimi nilipofanya hesabu hiyo nilikuta jioni yangu ina dakika arobaini. Hizo dakika arobaini ndizo nilizokuwa nimezinunulia samaki wa 46,000.

Samaki akishatoka frizani harudi. Jioni moja ya mwisho wa Julai tuliandaa changu kwa familia mbili zilizopiga simu mchana. Polisi wakaonekana barabarani mapema kuliko desturi, wateja hawakutokea, na samaki wamelala kwenye sinia, wamepasuliwa mgongo, tui la nazi limeshawaingia. Tukagawana na walinzi wa jirani. Kijana wangu alisema hajawahi kula vizuri hivyo tangu korona ianze, nikacheka, lakini nilikwenda kulala na hasira.

Kilichotutoa kilikuwa kuacha kumngoja mteja aje. Oda kwa WhatsApp kabla ya saa kumi jioni, malipo kabla, chakula kinafikishwa kwenye nyumba za kukodi saa kumi na mbili na bodaboda mmoja tuliyemzoea, shilingi 100 kwa safari. Mlinzi wa geti ndiye aliyekuwa tangazo langu. Kila jengo lililoniletea oda, mlinzi wake alikula mchana bure, na mgeni akimuuliza "hapa wapi kuna chakula kizuri?" jibu lilikuwa tayari. Mambo madogo ya ufungaji yalituchukua muda: tui likimwagiwa juu ya wali, wali unalinyonya na mgeni anapokea uji, kwa hiyo mchuzi una kikopo chake, samaki asifunikwe akiwa wa moto sana, ngozi hulowa, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, tafuta mifuko ya karatasi yenye kitako kipana, ile myembamba hupasuka ikipata mafuta na chakula chote kinaishia kwenye tangi la pikipiki.

Saa ziliendelea kucheza. Mwisho wa Agosti tukarudishiwa kufunga saa mbili usiku. Mwisho wa Septemba kafyu ikawa saa tano usiku na baa zikafunguliwa, nikapumua. Tarehe 4 Novemba ikarudi saa nne. Nilibandika karatasi karibu na sanduku la pesa, saa mpya juu, za zamani zimekatwa kwa kalamu, na wateja walikuwa wakiisoma kama gazeti.

Desemba ilikuwa nzuri. Acha niseme tu kwamba tulifanya kazi hadi miguu ikavimba. Pesa zile sikupaka rangi wala sikununua viti. Nilijua shule zote zinafunguliwa tarehe 4 Januari 2021, baada ya karibu mwaka mzima wa wanafunzi wengi kuwa nyumbani, na mzazi wa Nairobi akishalipa karo hana habari na bahari. Nikamlipa mwenye nyumba kodi ya Januari na Februari kwa mkupuo, naye akanipunguzia kidogo. Kama kuna mahali pa kuweka pesa za msimu, ni hapo.

Pasaka ya 2021 ilikuwa tarehe 4 Aprili. Kikundi cha akina mama kutoka Kiambu kilikuwa kimeniagizia chakula cha siku nne, shilingi 64,000, wakatanguliza 30,000. Ijumaa ya tarehe 26 Machi, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu, Rais akafunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Mombasa yenyewe haikufungwa. Mkahawa wangu ulikuwa wazi kisheria, saa zangu hazikuguswa, na wateja wangu wote walikuwa nyuma ya kizuizi umbali wa kilomita karibu mia tano.

Mwenyekiti wao alipiga simu kabla ya magharibi. "Mama, sasa pesa zetu?" Nilikuwa nimeshampa mwenye samaki 18,000. Sikuwa na risiti iliyosema lolote kuhusu serikali kufunga barabara, wala wao hawakuwa nayo. Nilimwambia ukweli, kwamba sehemu imo frizani, nikamtumia 10,000 usiku uleule kabla hajauliza mara ya pili, na 20,000 zikabaki kama chakula chao watakapokuja. Kule kurudisha kitu upesi ndiko kulikoniponya, maana niliwaona wenye nyumba za kukodi waliozima simu wakichafuliwa majina mitandaoni wiki nzima. Kizuizi kiliondolewa Mei mosi. Akina mama wakaja Agosti, si wote, wakala wakamaliza deni na kuongeza.

Tangu hapo risiti yangu ya malipo ya mbele ina mistari mitatu kwa Kiswahili cha kawaida: kiasi gani hakirudi kwa sababu kimeshanunulia chakula, kilichobaki kitarudishwa ndani ya siku ngapi, na mteja ana miezi mingapi kuja kukila akipenda kusogeza. Mteja anasoma, anajibu "nimekubali", ujumbe unahifadhiwa. Kwa mwenye samaki nako nikabadili: nalipa ninapochukua. Ananitoza zaidi kidogo kwa kilo, na ni haki yake, kwa sababu sasa hatari ni yake.

Wale samaki wa Pasaka waliuzwa, na waliuzwa kwa wenyeji. Tulipunguza sahani: nusu samaki, wali, kachumbari, shilingi 250 badala ya 800. Watu wa Kisauni, Mtopanga na Kiembeni walikuja kwa tuktuk na watoto wao. Hawa walikuwepo miaka yote, nami nilikuwa nimewapangia bei ya mgeni. Hawavuki kizuizi chochote kuja kwangu. Uingereza ilipoiweka Kenya kwenye orodha yake nyekundu ya nchi zilizowekewa vikwazo vya usafiri mwezi huohuo wa Aprili, hadi Septemba, wafanyakazi wengi wa hoteli waliokuwa wakila kwangu mchana walipumzishwa bila mshahara, na ni hiyo sahani ya 250 iliyoziba pengo lao.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Safari hiyo sikujaza friza. Niliongeza saa moja ya jioni, nikaangalia wiki mbili, nikaongeza nyingine. Novemba serikali ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiye na uthibitisho wa chanjo hataingia mikahawani. Jirani yangu aliajiri kijana wa kukagua vyeti na kuchapisha bango kubwa. Mimi nilihakikisha wafanyakazi wangu wamechanjwa, jambo lililokuwa mikononi mwangu, nikangoja tarehe. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo kabla tarehe haijafika. Bango la jirani lilikuwa zuri sana, alikuja kulifanya pazia la stoo.

Mpishi wangu sasa ana kibanda chake Mtwapa na ninamnunulia achari. Mwenye nyumba na mimi tulibishana karibu mwaka mzima juu ya mkataba mpya, akakubali pale chumba kilichopakana nami kilipokaa miezi bila mpangaji. Kodi imegawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza, 20,000, nalipa hata mkahawa ukiwa umefungwa. Ya pili ni asilimia ya mauzo yanayopita kwenye namba yangu ya malipo ya M-Pesa, taarifa naichapisha kila tarehe 5, na baada ya agizo lolote la kufunga, hiyo ya pili haihesabiwi hadi mauzo ya mwezi yafike nusu ya yale ya mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Hakuna neno "kufunguliwa" popote kwenye karatasi ile. Wakili alitutoza 4,000 kuiandika, tukagawana.